Kimeng'enya cha G6PD: Kwa nini damu hupimwa kabla ya kumeza dawa

MIONGONI mwa dawa chache zenye uwezo wa kuangamiza vimelea vya malaria vilivyojificha ndani ya ini, primakwini ndiyo kongwe zaidi kati ya zile zinazotumika hadi leo. Hata hivyo, dawa hiyo hiyo inayomponya mgonjwa mmoja inaweza, kwa muda wa siku chache tu, kumwacha mwingine akitokwa na mkojo mweusi mithili ya kahawa, macho yakiwa ya manjano na damu ikiwa imepungua kiasi cha kuhatarisha maisha yake.

Tofauti baina ya wagonjwa hao wawili haitokani na umri, lishe wala nguvu za mwili. Chanzo chake ni kimeng'enya kimoja kinachopatikana katika seli zote za binadamu, ambacho wataalamu hukiita glukosi-6-fosfeti dihaidrojinesi, au kwa ufupi G6PD. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 400 duniani wana upungufu wa kimeng'enya hiki, wengi wao wakiwa katika maeneo ambayo malaria imekuwepo tangu jadi: Afrika, nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, Mashariki ya Kati na Asia.

Wengi wa watu hao huishi maisha yao yote bila kujua hali yao, kwani hawahisi lolote. Tatizo hujitokeza pale wanapopewa dawa fulani, wanapopatwa na maambukizi makali, au wanapokula maharagwe aina ya fava. Ndiyo maana kuna haja ya kufahamu kazi ya kimeng'enya hiki, na jinsi vitendanishi vichache vya maabara vinavyoweza kukifichua kabla madhara hayajatokea.

Mlinzi wa seli nyekundu

Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Kazi ya G6PD ni kuanzisha njia mojawapo ya kuvunjavunja sukari. Hupokea glukosi iliyokwisha kuunganishwa na fosfeti, huiondolea haidrojeni, na kuikabidhi haidrojeni hiyo kwa kibebaji kiitwacho NADP. Kibebaji hicho kikishapokea mzigo huo hugeuka kuwa NADPH.

NADPH ndiyo inayoiwezesha seli kujikinga. Huipa nguvu mpya glutathioni, kemikali inayonyonya sumu za oksijeni kabla hazijaharibu sehemu nyeti za seli. Seli nyingi za mwili zina njia kadhaa za kupata NADPH. Seli nyekundu ya damu haina bahati hiyo. Inapokomaa huwa imekwisha kupoteza kiini chake pamoja na viwanda vyake vya nishati, na hivyo hutegemea G6PD pekee.

Seli hiyo, kwa upande mwingine, ndiyo inayokabiliwa na hatari kubwa zaidi, kwa sababu kazi yake ni kubeba oksijeni mchana na usiku kwa takriban siku 120. Kimeng'enya kikipungua na dawa kama primakwini ikiongeza sumu za oksijeni, glutathioni humalizika. Himoglobini huharibika na kujikusanya katika madonge yanayoonekana kwa hadubini yakiwa yamegandamana na ukuta wa seli. Wengu huzitambua seli hizo kuwa na kasoro na kuziondoa, nazo nyingine hupasuka ndani ya mishipa. Himoglobini inayomwagika hupita kwenye figo, na hapo ndipo mkojo unapogeuka kuwa mweusi.

Ugunduzi uliofanyika gerezani

Kimeng'enya chenyewe kilitambuliwa na mwanakemia Mjerumani Otto Warburg na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1930. Lakini uhusiano wake na maradhi haukujulikana hadi miongo miwili baadaye, katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois nchini Marekani.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilitafuta dawa mpya za malaria kwa ajili ya wanajeshi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na daktari Alf Alving, waliwaambukiza malaria wafungwa waliojitolea na kuwajaribia dawa. Majaribio hayo yalizua mjadala mkubwa wa kimaadili, huku wengi wakiuliza ni hiari ya aina gani anayoweza kuwa nayo mtu aliye kifungoni. Mawakili waliowatetea madaktari wa Kinazi katika kesi ya Nuremberg waliyataja majaribio hayo katika kujenga hoja zao. Katika miaka ya 1970 utafiti wa namna hiyo magerezani ulikomeshwa.

Watafiti hao waligundua kwamba baadhi ya wafungwa, hasa Wamarekani weusi, walipungukiwa damu ghafla walipopewa primakwini. Ili kubaini chanzo, waliziwekea seli nyekundu za wafungwa hao alama kwa kromiamu yenye mnururisho, kisha wakazitia katika miili ya watu ambao dawa hiyo haikuwadhuru. Wapokeaji walipomeza primakwini, seli zilizotiwa alama ziliharibika ilhali zao wenyewe zilibaki salama. Jaribio lilipofanywa kinyume chake, seli za watu wa kawaida hazikudhurika ndani ya miili ya wale walioathiriwa na dawa. Kwa hivyo kasoro ilikuwa ndani ya seli zenyewe.

Daktari kijana Ernest Beutler alionyesha kwamba seli hizo zilikuwa na glutathioni dhaifu. Hatimaye, mwaka 1956, Paul Carson na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba kilichopungua ni kimeng'enya cha G6PD.

Mama, baba na watoto

Jeni linalotoa maagizo ya kutengeneza G6PD liko kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu, aliyoipata kwa mamake. Ikiwa jeni lililomo lina kasoro, seli zake zote nyekundu huwa na upungufu. Baba mwenye upungufu hawezi kuwarithisha wanawe wa kiume, bali mabinti zake wote hupokea jeni hilo. Naye mama mwenye jeni moja lenye kasoro ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa.

Hali ya wanawake ni ya kutatanisha zaidi. Mwanamke ana kromosomu mbili za X, lakini kila seli huizima moja na kuitumia nyingine. Matokeo yake ni kwamba mwanamke aliyerithi jeni moja zima na jingine lenye kasoro huwa na mchanganyiko wa seli nyekundu: baadhi zina kimeng'enya cha kutosha, na baadhi hazina. Uwiano hutofautiana baina ya mtu na mtu. Wapo wanaokaribia kuwa sawa na watu wasio na kasoro yoyote, na wapo wanaoweza kudhurika vibaya.

Aina za kasoro nazo ni nyingi. Iliyoenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara huitwa A hasi, na kwa kawaida hubakisha kati ya asilimia 10 na 15 ya nguvu za kimeng'enya. Aina ya Mediterania ni kali zaidi, kwani hubakisha chini ya asilimia 10.

Kimeng'enya cha aina ya A hasi hutengenezwa vyema lakini huchakaa upesi. Kwa kuwa seli nyekundu haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine. Seli changa basi huwa na kinga ya kutosha, ilhali zilizozeeka huwa karibu tupu. Ndiyo sababu dawa huangamiza seli kongwe kwanza, na ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa huanza kupata nafuu baada ya siku kadhaa, uboho wa mifupa unapomwaga seli mpya kwenye damu.

Urithi wa malaria

Swali linalozuka ni kwa nini kasoro yenye madhara kama haya imeenea kiasi hicho. Jibu linahusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa Kenya na ambaye ndiye aliyeonyesha kwamba chembe za ugonjwa wa selimundu huwakinga watu dhidi ya malaria, alichapisha mwaka 1960 utafiti kuhusu upungufu wa G6PD miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki. Alibainisha kwamba upungufu huo pia ulikuwa mwingi pale malaria ilipokuwa imekita mizizi.

Mnamo 1969, Lucio Luzzatto na wenzake huko Ibadan, Nigeria, walichunguza damu ya wanawake wenye seli mchanganyiko. Waligundua kwamba vimelea vya malaria vilionekana zaidi katika seli zenye kimeng'enya kuliko katika zile zisizo nacho. Miaka mingi baadaye, Luzzatto alihamia Dar es Salaam na kuendelea na kazi yake katika Chuo Kikuu cha Muhimbili.

Hata hivyo, wataalamu hawajaafikiana kuhusu ni nani hasa anayekingwa. Utafiti uliofanyika Gambia na Kenya na kuchapishwa mwaka 1995 ulisema kwamba wavulana wenye upungufu na wasichana wenye jeni moja wote walipungukiwa na hatari ya malaria kali, kwa kati ya asilimia 46 na 58. Lakini uchunguzi wa watoto wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2015 uliona kinga hiyo kwa wasichana wenye jeni moja lenye kasoro pekee. Ikiwa ndivyo ilivyo, basi jeni hili limedumu kwa vizazi na vizazi kwa sababu ya faida wanayoipata baadhi ya wanawake, huku wanaume wakibeba gharama yake.

Vitendanishi vinavyofichua

Katika maabara, G6PD yenyewe haionekani. Kinachopimwa ni kazi yake. Mtaalamu huipa damu vitu viwili ambavyo kimeng'enya hukihitaji, yaani glukosi-6-fosfeti na NADP, kisha hutazama iwapo NADPH itazalishwa na kwa kasi gani. Njia zote zinazotumika hutofautiana tu katika namna ya kuitambua NADPH hiyo.

Kipimo cha kutegemewa zaidi hutumia mashine ya kupima mwanga iitwayo spektrofotomita. NADPH hunyonya mwanga wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 340, ilhali NADP hainyonyi mwanga huo. Kadiri kimeng'enya kinavyofanya kazi ndivyo mwanga unaopita unavyozidi kufifia, na kasi hiyo hugeuzwa kuwa vipimo vya kimeng'enya kwa kila gramu ya himoglobini. Ugumu mmoja ni kwamba zao la hatua ya kwanza hupokelewa na kimeng'enya kingine ambacho nacho huzalisha NADPH, hivyo kulifanya jibu lionekane kubwa kuliko lilivyo. Baadhi ya maabara huongeza kemikali iitwayo maleimidi ili kukizuia kimeng'enya hicho cha pili.

Kwa hospitali zisizo na mashine hiyo, Beutler alibuni katika miaka ya 1960 kipimo cha doa linalong'aa. Tone la damu huchanganywa na saponini, inayopasua seli na kukiachilia kimeng'enya, glukosi-6-fosfeti, NADP, glutathioni iliyokwisha kuoksidishwa, na bufa ya kudhibiti kiwango cha asidi. Baada ya dakika chache, mchanganyiko hudondoshwa kwenye karatasi ya kuchujia na kuachwa ukauke. Karatasi hiyo ikimulikwa gizani kwa taa ya urujuanimno, doa la mtu asiye na upungufu hung'aa, na la mwenye upungufu hubaki giza. Glutathioni iliyoongezwa ina kazi maalumu: hula kiasi kidogo cha NADPH ambacho kimeng'enya dhaifu kingeweza kuzalisha, ili doa lisije likang'aa kidogo na kumhadaa msomaji.

Kuna pia njia ya bei nafuu iliyotangazwa mwaka 1962, inayohitaji naitraiti ya sodiamu, glukosi na rangi ya methilini buluu. Naitraiti huigeuza himoglobini kuwa ya kahawia. Damu ikiwekwa katika joto la nyuzi 37 kwa saa chache, ile yenye G6PD ya kutosha hurudia wekundu wake, nayo yenye upungufu husalia kahawia. Methilini buluu yenyewe, inayotumika hospitalini kama dawa ya baadhi ya sumu, ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumdhuru mwenye upungufu huu.

Mitego ya vipimo

Vitendanishi hivi vina masharti yake. NADP na glukosi-6-fosfeti huharibika vikikaa kwenye joto, hasa vikishayeyushwa majini, kwa hivyo umeme ukikatika na friji ikazima, kipimo chaweza kutoa jibu la uongo. Kimeng'enya kilichomo kwenye sampuli ya damu nacho hupungua nguvu ikiwa sampuli itaachwa juani. Isitoshe, kasi ya kimeng'enya hubadilika kulingana na joto la chumba, na jibu lililopatikana mahali penye joto kali haliwezi kulinganishwa moja kwa moja na la mahali penye baridi bila marekebisho.

Mtego mkubwa zaidi ni wa wakati. Mgonjwa akipimwa mara tu baada ya seli zake kuharibika, seli kongwe zisizo na kimeng'enya huwa zimekwisha kuondoka, na zilizosalia ni changa zenye kimeng'enya tele. Jibu laweza kuonyesha kwamba hana tatizo, ilhali ndilo lililomleta hospitalini. Vivyo hivyo, aliyeongezewa damu hivi karibuni hupimwa damu ya mtu mwingine pamoja na yake. Katika hali kama hizo kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, au jeni lenyewe huchunguzwa.

Wanawake nao wana mtego wao. Doa linalong'aa na vipimo vya haraka vya ndiyo au la hunasa hasa wale ambao nguvu za kimeng'enya chao ziko chini ya asilimia 30. Mwanamke mwenye asilimia 50 huweza kuambiwa kwamba yuko salama. Kwa hali ilivyokuwa zamani, kosa hilo lilivumilika kwa kuwa primakwini humezwa kila siku na huweza kusimamishwa dalili zikianza. Lakini tafenokwini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, humezwa mara moja tu na hukaa mwilini kwa majuma kadhaa. Ikishamezwa haiwezi kurudishwa. Kwa sababu hiyo, masharti yake yanataka mgonjwa awe na zaidi ya asilimia 70 ya nguvu za kawaida, jambo linalohitaji kipimo kinachotoa tarakimu. Mashine ndogo za mkononi zinazotumia tone la damu ya kidole zimebuniwa kwa ajili hiyo.

Funzo la mwaka 2008

Kwamba suala hili si la vitabuni pekee, Afrika ilishuhudia wakati wa dawa ya Lapdap. Dawa hiyo, mchanganyiko wa kloroproguanili na dapsoni, ilitarajiwa kuwa tiba ya bei nafuu baada ya vimelea kuzishinda klorokwini na zile za aina ya Fansidar. Mchanganyiko huo ulikuwa umefanyiwa majaribio ya awali nchini Kenya katika miaka ya 1980, na dawa ikasajiliwa mwaka 2003.

Dapsoni, inayotumika pia kutibu ukoma, inajulikana kuziathiri seli zenye upungufu wa G6PD. Majaribio makubwa yaliyofuata katika nchi kadhaa za Afrika yalionyesha kwamba himoglobini ya watoto wenye upungufu ilishuka kwa kiasi cha kutisha. Mapema mwaka 2008, kampuni ya GlaxoSmithKline iliiondoa dawa hiyo sokoni. Kufikia wakati huo Kenya ilikuwa imekwisha kuchagua mchanganyiko wa atemetha na lumefantrini, sera iliyotangazwa mwaka 2004 na kuanza kutekelezwa mwaka 2006. Tiba hiyo haihitaji kipimo cha G6PD.

Primakwini nayo haijatupwa. Mwaka 2012, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzani wa mgonjwa, ili kuwazuia mbu wasichukue vimelea vya falsiparamu kutoka kwa aliyetibiwa. Dozi hiyo ni ndogo kiasi kwamba shirika hilo lilisema inaweza kutolewa bila kupima G6PD. Hali ni tofauti kwa malaria aina ya vivaksi, ambayo ni ya kawaida Ethiopia na Sudan na ambayo hujificha kwenye ini. Kuitokomeza kunahitaji dozi za siku nyingi, na hapo kipimo huwa cha lazima. Aliye na upungufu huweza kupewa dozi moja kwa juma kwa majuma manane, chini ya uangalizi wa karibu wa daktari.

Tahadhari kwa jamii

Mbali na dawa za malaria na dapsoni, wenye upungufu hutahadharishwa dhidi ya nitrofurantoini, inayotumika kutibu maambukizi ya njia ya mkojo, na vidonge vya naftalini vinavyowekwa kabatini kufukuza wadudu. Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi kutokana na naftalini, kwani mvuke wake hubaki kwenye nguo na mablanketi. Ni vyema nguo zilizohifadhiwa hivyo zifuliwe na kuanikwa kabla ya mtoto kuvishwa.

Aidha, upungufu wa G6PD ni mojawapo ya sababu za watoto kugeuka manjano siku chache baada ya kuzaliwa. Manjano hayo yakizidi na yasitibiwe, huweza kuudhuru ubongo daima. Tiba ya mwanga hospitalini huyapunguza ikiwa itaanzishwa mapema, kwa hivyo mzazi hapaswi kungoja yaishe yenyewe.

Upungufu huu hauna dawa ya kuuondoa, lakini madhara yake mengi huzuilika. Aliyewahi kutokwa na mkojo mweusi au kugeuka manjano baada ya kumeza dawa anapaswa kumweleza daktari jina la dawa hiyo kabla ya kuandikiwa nyingine. Aliyekwisha kupimwa na kupatikana na upungufu naye anapaswa kuyahifadhi majibu yake na kuwajulisha nduguze wa tumbo moja, kwani yamkini nao wameurithi.